Nyota Zisizotua

Juu ya bonde letu la Nant Gwyn
kuna nyota tano zisizotua.
Mwaka mzima zinazunguka,
mara zimesimama, mara zimelala ubavu
kama kiti kilichopinduliwa na watoto,
lakini nyuma ya mlima hazishuki.
Wahenga wetu waliziita Baraza la Dôn.

Dôn ni nani?
Ni mama.
Mama nani?
Mama wa mhunzi.
Mama wa yule aliyelima konde lisilolimika,
mama wa mchawi aliyeumba mwanamke kwa maua,
mama wa binti mwenye gurudumu la fedha,
mama wa yule mwingine, ambaye heri tumnyamazie.
Na yeye mwenyewe?
Hapo msimulizi hukohoa,
huchochea moto, akarudi kwa watoto.
Hatujaambiwa rangi ya nywele zake.
Hatujaambiwa alikufa lini, au kama alikufa.
Jina tu, limening'inia nyuma ya majina ya wanawe
kama koti nyuma ya mlango.

Nawaza haya mwezi Machi, saa nane za usiku,
mkono umo ndani ya kondoo hadi kiwiko,
natafuta kwato ya pili.
Shamba ni la mama. Buti ni zake, zanibana.
Tulimzika Luned wa Hafod-las Jumanne,
mvua ikija kwa mshazari,
na mchungaji Ifan akasema:
"Alikuwa mama wa watoto watano,"
kisha akatutaja mmoja mmoja, na kazi zetu,
tangu Idwal wa kiwanda cha vyuma
hadi mimi, Meinir, kitinda mimba, niliyerudi.
Watu wakatikisa vichwa. Wasifu ukaisha.
Chai. Mkate wa zabibu, siagi nene.
Kwenye foleni ya chai mwanamke nisiyemjua
akanishika mkono:
"Mama yako alikuwa mcheshi, jamani!"
Mcheshi?
Nikamwambia asante.
Nilidhani kakosea mazishi.

Kwato. Hii hapa. Vuta, pumzika, vuta,
anatoka na utando wake, wa manjano, kimya.
Namtekenya pua kwa unyasi
kama nilivyofundishwa, na aliyenifundisha hakusema neno,
alinipa unyasi tu.
Anapiga chafya. Haya, umefika.
Mama yake anamlamba. Jina hana, ana namba,
mia moja na kumi na saba,
kwa rangi ya buluu ubavuni.

Daftari liko kwenye msumari wake.
Miaka arobaini ya mwandiko mdogo kama haradali:
"Arobaini, mapacha. Sitini na mbili, kafa.
Theluji. Theluji. Upepo wa mashariki."
Sisi hatumo. Baba hamo.
Nafunua kwa kidole kimoja kisicho na damu,
na katikati ya theluji mbili,
mwaka mmoja kabla sijazaliwa, mstari huu:
"Usiku huu nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini."

Basi. Kesho yake:
"Sabini na moja, dume, mzima."

Uchungu wa mwana, tunaambiwa, aujuaye ni mzazi.
Na kicheko cha mzazi, akijuaye nani?

Natoka nje. Zimeinamia kaskazini, chini kabisa,
karibu ziguse paa la bati. Hazigusi.
Tano, nazihesabu kwa jinsi nilivyozoea kutuhesabu,
mkubwa kwanza,
halafu naacha, naangalia giza lililo kati yake,
pale ambapo mtu angekaa
kama baraza ni lake kweli.

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Ulicheka nini, mama?
Mbwa? Baba? Mvuke wa pumzi yako mwenyewe?
Mkono umekauka damu, baridi inauma vidole.

Ndani, mia moja na kumi na saba
anakwaruza majani kwa kwato, analala, anasukuma tena.
Mapacha.